Upepo Ukikatika Bwawani

Faith na Kiprono, ninyi mlioachiwa kituo cha hali ya hewa cha shamba letu la chai, mliniomba niandike ninayoyakumbuka. Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Nilipandishwa mara moja tu, na siku hiyo mvua ilinyesha, nikaandika milimita zake kwanza ndipo nikafungua barua. Nitaandika juu ya mawingu, juu ya mzee aliyenifundisha kuyatazama, na juu ya Jumapili moja ambapo mhandisi wetu Atieno alikuwa juu ya maji na dhoruba inamjia kwa mgongo.

Nilianza kazi asubuhi yenye ukungu mzito hata nikasikia wachumaji wakiimba kabla sijamwona hata mmoja wao. Nilikuwa nimetembea kutoka nyumbani Kimulot, viatu mkononi visije vikalowa. Nilipofika kwenye ule ua wa nyasi uliozungushiwa waya, nilimkuta mtu amesimama katikati akiwa ndani ya koti refu la mvua, ametulia kabisa, kama aliyeota pale. Huyo ndiye alikuwa Mzee Ouma, mpimaji wa mvua na upepo. Alikuwa ametoka upande wa ziwa akiwa kijana, akakaa kwenye nyumba za wafanyakazi mpaka akajua Kipsigis cha kutosha kununua maziwa na kugombana.

"Wewe ndiye Rael?"

"Ndiyo, mzee."

"Unaona nini?"

Nilitazama kila upande. "Sioni kitu, mzee. Ni ukungu."

"Basi andika ukungu. Hapa hatuandiki tunachodhani kiko nyuma yake."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya siku ya kwanza. Ya pili alinifundisha kufungua kisanduku cheupe cha mbao bila kupumulia vipimajoto, maana pumzi ya mtu ni joto, na joto lako halihusiani na la shamba. Ya tatu alinionyesha ule mpira wa kioo unaopima jua. Ninyi mmekuta mashine inayotuma kila kitu kwa simu, kwa hiyo labda hamjawahi kuona jua likiandika. Chini ya ule mpira tulikuwa tunaweka kadi nyembamba, na jua likipita angani linaiunguza kadi polepole, mstari wa kahawia kutoka asubuhi hadi jioni. Wingu likipita, mstari unakatika. Siku za Julai kadi ilitoka safi, kana kwamba jua limepita kwa nje bila kubisha hodi. Nilizipenda sana zile kadi. Nyingine nilizibeba nyumbani baada ya kunakili saa zake, na mama yangu akaniuliza ni kazi gani hii ya kuletea watu karatasi zilizoungua.

Jambo ambalo Mzee Ouma alilisema mara nyingi kuliko lolote lilihusu upepo. Alikuwa akinisimamisha mlangoni saa saba mchana, wakati mawingu yanapoanza kupanda juu ya msitu wa Mau meupe na mazito kama pamba iliyochambuliwa, na kunitaka nilambe kidole nikiinue.

"Upepo unaenda wapi?"

"Unaenda kule kwa wingu, mzee."

"Eh. Linauvuta. Wingu kubwa linakula kabla ya kutapika. Litauvuta, litauvuta, halafu upepo utakatika, shwari kabisa, hata jani halitikisiki. Watu watasema, afadhali, imepita. Hapo ndipo uanze kukimbia. Utarudi kutoka kwa wingu lenyewe, baridi, na utakuja na nguvu mara mbili." Kisha alikuwa akitazama juu na kusema kwa lugha ya kwao, polepole, kama anayemtaja jamaa yake, "Koth biro." Mvua inakuja.

Alistaafu akarudi kwao ziwani, nami nikabaki na ua, vipimo na kipande cha reli kilichoning'inia kwenye nguzo. Nikikigonga kwa nyundo, wachumaji wote walipaswa kuacha vikapu na kwenda kwenye kibanda cha kupimia majani. Kila mara nilipogonga, kazi ilisimama, na kila kazi iliposimama kuna mtu ofisini alikunja uso. Mwaka wangu wa kwanza nikiwa peke yangu, mchana mmoja niliona upepo umekatika. Nyundo nilikuwa nayo mkononi. Juma hilo nilikuwa nimeshagonga mara mbili na mvua ikakataa kunyesha, watu wakanicheka. Nikajiambia, ngoja dakika tano.

Radi ilipiga mti wa mgravilea uliokuwa ukingoni mwa shamba. Mchumaji mmoja, Esther, alikuwa ameegemeza kikapu chake pale. Aliishi. Sikio lake la kushoto halikusikia tena, na tangu siku hiyo tulipokutana njiani alikuwa akigeuza kichwa ili anisalimie kwa lile la kulia. Hakuwahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu. Baada ya hapo niligonga reli bila kumuuliza mtu, na waliokunja nyuso wakazoea kuzikunja.

Miaka ikaenda hivyo, ukungu na jua, kadi na milimita, hadi Atieno alipokuja kuwa mhandisi wa mitambo kiwandani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye sauti ya kupita juu ya kelele za mashine. Jumapili moja nilikuwa nasoma kipimo cha mvua nikaona kitu cha rangi ya chungwa kikipanda taratibu nyuma ya majani ya chai, kikubwa kama paa la nyumba, kikakaa hewani. Nilisimama pale nikiwa na chupa ya kipimo mkononi. Maji ya bwawa lililo chini yake sikuyaona, yalifichwa na mlima. Niliona tu kile kitu cha chungwa kikizunguka angani polepole bila sauti, juu ya kijani kisicho na mwisho, na nikahisi kama nimelala na kuota ndoto ya mtu mwingine.

Nikatelemka. Kwenye bwawa kubwa linalolisha mitambo nilimkuta Bett, mlinzi wa bwawa, amekaa juu ya mtungi, mdomo wazi. Katikati ya maji Atieno alikuwa amesimama kwenye ubao mfupi, kile kitu cha chungwa, kumbe tiara ya kitambaa, kikimvuta kwa kamba nne zilizofungwa kwenye mshipi mpana kiunoni mwake. Alikuwa akiteleza juu ya maji kana kwamba hayamloweshi.

"Amejifunza kwa ziwa," Bett aliniambia. "Mimi nilimuuliza kama ni maombi, akasema ni michezo."

Meneja aliposikia, alitaka kuizuia. Atieno akamwomba, akamwomba, mwisho meneja akasema sawa, lakini Mama Rael akisema hapana, ni hapana. Hivyo ndivyo nilivyoongezewa kazi ya Jumapili ambayo haimo kwenye barua yangu ya ajira.

Tulikubaliana mambo pale kwenye nyasi, nami nikayaandika nyuma ya fomu ya mvua. Hatapandisha tiara kama kuna wingu linalokua juu ya Mau, hata kama huku kwetu jua linawaka. Hataondoka kama upepo unatoka mgongoni mwa ukingo na kuelekea katikati ya maji. Atavaa kofia ngumu na jaketi la kuelea kila mara, na Bett atakuwepo na kamba yake. Atieno akauweka mkono wangu kwenye kishikio chekundu kilichokuwa mbele ya mshipi wake.

"Nikisukuma hii, Mama, tiara inapoteza nguvu. Na hii ya pili ya pembeni, inaniacha kabisa. Inaenda zake."

"Na inagharimu?"

"Sana."

"Basi hiyo ndiyo ninayoiogopa," nikamwambia. "Utaihurumia."

Mimi nilikuwa na leso nyekundu. Nikiiinua, anatoka majini. Hakuna kuuliza.

Ile Jumapili ninayotaka kuwaeleza ilitanguliwa na siku tatu za ajabu. Redio ilikuwa imetangaza kimbunga kule Bahari ya Hindi, mbali, upande wa Madagaska. Huku kwetu watu husikia habari kama hiyo kama harusi ya wageni: inawahusu wenyewe. Lakini kuna vimbunga ambavyo vikikaa kule, huvuta hewa kutoka mbali sana, na upepo wetu hugeuka ukatoka magharibi, kutoka ziwani, ukiwa mzito na umejaa maji. Siku tatu nilikuwa nimeandika upepo wa magharibi. Nguo hazikukauka. Mlima ulinukia kama sufuria ya chai iliyofunikwa.

Asubuhi ya Jumapili anga lilisafishwa. Atieno alinipigia simu baada ya kanisa. "Mama, umeona hiyo upepo? Ni tamu kama nini!" Nilitazama Mau. Palikuwa peupe, hakuna wingu. Nikasema aende, lakini saa moja tu. Hilo nalikiri hapa mbele yenu. Nilijua hewa ilikuwa na maji ya siku tatu ndani yake. Nilikubali kwa sababu alifurahi, na kwa sababu nami nilitaka kuiona tiara ile ikipanda.

Ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Mwanga ulikuwa laini, wa rangi ya asali, na vivuli vya mawingu madogo vilipita juu ya chai kama mikono inayopapasa blanketi. Atieno alienda na kurudi, akaenda na kurudi, na kila alipopita karibu tulisikia kamba zake zikilia kwa sauti nyembamba. Bett alifumba macho. Nadhani hata mimi nilisinzia nikiwa wima. Nilipoinua macho kutazama Mau, wingu lilikuwa limeshasimama. Halikuwa jeupe tena. Chini lilikuwa na ule weusi wenye ukijani ambao mtu wa chai akiuona anafikiria mvua ya mawe.

Niliinua leso. Atieno aliniona. Najua aliniona, kwa sababu aliinua mkono mmoja akaonyesha kidole. Raundi moja.

"Anasema nini?" Bett akauliza.

"Anasema upuuzi. Atieno! Toka!"

Akageuka kule mwisho ili arudi, na hapo upepo ukakatika. Ulikufa wote kwa mara moja. Majani ya mikaratusi nyuma ya kibanda cha pampu yalining'inia. Maji yakawa kioo. Tiara ilisita angani, ikakunjamana, ikaanguka kwenye maji bila haraka, na Atieno akazama hadi mabegani katikati ya bwawa.

Palikuwa kimya sana. Nilimsikia akipumua. Alianza kuzivuta kamba akizikunja mkononi, akitaka kuja na tiara yake.

"Iache!" nikapiga kelele. "Atieno, achilia tiara, ogelea!"

"Dakika moja, Mama, naikunja tu!"

Umeme ukamulika winguni. Nikahesabu kwa sauti, kama alivyonifundisha Mzee Ouma: moja, mbili, tatu. Nilifika ishirini na nne ndipo ngurumo ikaja. Chini ya thelathini hakuna mtu anayepaswa kuwa nje, si majini, si chini ya mti, si akishika kamba iliyolowa. Bett alikuwa ameshavua viatu, anaelekea kwenye mashua ndogo ya kuondolea magugu.

"Usiingie," nikamshika shati.

"Mama Rael, huyu msichana atakufa!"

"Ukiingia nitakuwa na watu wawili majini. Leta mtungi na kamba. Simama hapa karibu na mlango wa kibanda."

Sijawahi kusema maneno mazito kama hayo. Kama ningekuwa nimekosea, ningeishi na kosa hilo hadi leo, mahali pamoja na lile la Esther.

Kisha niliuona upepo kabla sijausikia. Mlimani, upande wa Mau, majani ya chai yalilala mstari baada ya mstari, yakigeuza matumbo yake meupe juu, na mstari ule ulishuka mbio kutuelekea. Baridi ilitupiga usoni. Ilinukia udongo na majani yaliyopondwa. Tiara iliyokuwa imelala majini ilijaa ghafla, ikarukia juu kama ng'ombe aliyechomwa, na Atieno akavutwa nyuma yake, maji yakipasuka mbele ya kifua chake. Sasa upepo ulikuwa unakuja kwetu. Mbele ya Atieno palikuwa na ukuta wa kibanda cha pampu na nyuma ya ukuta mikaratusi.

"Achilia!" Sikuwa na neno lingine. "Achilia! Achilia!"

Niliuona mkono wake ukisukuma kishikio chekundu. Tiara ilitikisika, ikapungua, lakini upepo ulikuwa mkali mno, ikaendelea kumburuta. Mkono ukaenda pembeni. Kwa kitambo kidogo haukufanya lolote. Nilijua anafikiria nini. Kisha ukavuta.

Tiara ilipita juu ya vichwa vyetu ikipiga makofi, kamba zikiifuata, ikaingia kwenye mikaratusi kwa sauti ya kitambaa kinachochanika. Atieno alibaki majini, mdogo sana, jaketi lake la manjano likielea. Na upepo ule ule uliotaka kumpasua ukutani sasa ulikuwa unamsukuma tu kwetu, wimbi baada ya wimbi, naye akipiga miguu. Bett alirusha mtungi mtupu uliofungwa kamba. Ukaangukia pembeni. Akauvuta, akarusha tena. Mara ya tatu Atieno aliukumbatia kama mtoto anavyokumbatia mgongo wa mama, tukamvuta, tukaingia naye ndani ya kibanda, nikafunga mlango. Kati ya umeme wa mwisho na ngurumo yake nilikuwa nimehesabu tisa tu.

Mawe yakaanza kupiga paa. Hatukusikiana kwa muda mrefu. Nilimkalisha katikati ya sakafu, mbali na pampu na mabomba, nikamvika koti langu. Mikono yake ilikuwa na mistari myekundu ya kamba. Bett alikuwa amechuchumaa pembeni, midomo ikisogea. Nadhani safari hii yalikuwa maombi kweli.

Kelele zilipopungua Atieno alisema, bila kunitazama, "Niliona leso, Mama."

"Najua."

"Nikasema raundi moja."

"Mimi nilisema dakika tano," nikamjibu, na nikamweleza habari za Esther, ambazo sikuwa nimemweleza mtu yeyote kiwandani. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kulia, na mimi nikamwacha alie, maana mlangoni maji yalikuwa yanaingia na hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoka. Tulikaa nusu saa nzima baada ya ngurumo ya mwisho. Bett alitaka kutoka baada ya dakika kumi, nikamwambia akitoka nitamwandika kwenye fomu pamoja na mvua.

Nje, ardhi ilikuwa nyeupe. Mawe yalikuwa yamejaa kati ya mistari ya chai, na ukungu wa baridi ukapanda kutoka kwayo, ukatufika magotini. Majani yote yalikuwa yametobolewa. Tulitembea ndani ya ule weupe bila kuongea, watu watatu waliolowa, na shamba zima lilinukia kama kiwanda wakati majani yananyauka.

Tiara ilishushwa kutoka kwenye mti siku ya Jumatano, ikiwa na tundu la kupita mtu. Kiwandani walimcheka Atieno kidogo, halafu wakaacha walipoona hacheki. Kwa miezi miwili Jumapili alikuwa akishinda nyumbani. Kisha Jumapili moja akatoka. Nilimwona kwenye baraza la kantini na mashine ya kushonea aliyoazima kwa fundi, kitambaa cha chungwa kimefunika meza mbili.

"Itapaa?" nikamuuliza.

"Itapaa. Lakini wewe ndiye utasema siku."

Nikachagua siku. Asubuhi ilikuwa safi, upepo wa ubavuni, wa wastani, hakuna kimbunga kwenye redio. Tulishuka bwawani watatu, tukatandaza tiara kwenye nyasi, Atieno akaanza kuijaza hewa kwa pampu ya mkono. Nikatazama Mau. Kulikuwa na wingu moja, ukubwa wa ngumi.

Nililitazama kwa muda. Sikulipenda.

"Hapana," nikasema.

Atieno alisimama na pampu mkononi. "Mama, hiyo ndogo? Una uhakika?"

"Sina. Ndiyo maana tunakaa."

Alinitazama, akatazama wingu, akatazama maji yaliyokuwa yakimetameta kwa upepo mzuri kabisa. Nilingoja aniombe. Hakuomba. Alipiga magoti, akafungua kizibo, na hewa ikatoka kwa kuzomea, akaikunja tiara pole kwa pole kwenye mfuko wake. Tukakaa juu ya nyasi. Mimi nilikuwa nimebeba mahindi ya kuchemsha na chupa ya chai. Bett alikula mawili akalala kofia usoni.

Lile wingu lilikaa juu ya msitu karibu saa nzima. Halikukua. Likawa jembamba, likawa kama moshi wa jiko la mtu, likaisha. Upepo uliendelea kuvuma vile vile, laini, bila kukatika, mpaka saa kumi na moja jioni. Halikudondoka hata tone moja.

"Nimekosea," nikamwambia.

Atieno alikuwa amelaza kichwa juu ya mfuko wa tiara, macho yamefumbwa, akitafuna mahindi ya mwisho.

"Sawa tu, Mama," akasema. "Jumapili ijayo ukikosea tena, beba chumvi."